Sifa ya Mkono Unaofuata Mshipa

Jicho la mwanadamu na ubongo wake, kwa sehemu kubwa, hupata damu kwa njia moja. Mshipa mkubwa upandao shingoni, mmoja kuume na mmoja kushoto, ambao waganga huuita karotidi, hugawanyika matawi mawili karibu na pembe ya taya. Tawi la ndani huingia fuvuni kwa mfereji uliotobolewa katika mfupa ulio mgumu kuliko yote ya kichwa, hujipinda na kujipindua, na kabla halijaufikishia ubongo damu yake hutoa kijitawi chembamba, ambacho upana wake ni takriban milimita moja na nusu, nacho hufuatana na neva ya kuonea ndani ya tundu moja la mfupa mpaka kikatokea nyuma ya jicho. Mja akisoma maneno haya, au akimtambua mwanawe katika kundi la watoto, aghalabu anafanya hivyo kwa hisani ya kijitawi hicho. Nasema aghalabu, wala sisemi daima, kwa sababu wako watu ambao jicho lao halilishwi hivyo. Na jinsi ilivyopata kujulikana kuwa wako ndiyo habari ninayotaka kuieleza, kwa maana ndani yake mna ustadi ambao sijaona ukisifiwa kwa kadiri unavyostahili.

Ustadi huo ni wa mwanaanatomia, mtu ambaye amali yake ni kuufungua mwili wa maiti na kuufuata kila mshipa toka shinani hata nchani, akaandika alichokiona. Mganga husifiwa na aliyepona, na mpasuaji aliyeokoa roho usiku wa manane hutajwa katika dua za jamaa. Lakini mwanaanatomia hana mgonjwa wa kumshukuru, kwa kuwa aliye mbele yake amekwisha kuiaga dunia, na faida ya kazi yake huenda ikamfikia mtu ambaye bado hajazaliwa. Zaidi ya hayo kazi yake huonekana kwa wengi kuwa ilikwisha zamani: viungo vimehesabiwa, vitabu vimechapwa, ni kitu gani tena kilichobaki cha kutafutwa katika mwili wa mtu? Dhana hii ina kosa, na mshipa wa jicho pamoja na jamaa zake wa ubongo watoshe kuwa mashahidi, kwa kuwa khitilafu zao ni nyingi hata mtu azisomapo kwa mara ya kwanza hustaajabu kwamba sote tunaona na kufikiri.

Si kila mwenye hekima aliyeiridhia kazi hii. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Kairo aliyefariki mwaka 1288, ambaye kwa nguvu ya hoja alimpinga Galen, tabibu wa Warumi katika karne ya pili, na kusema kuwa damu hutoka upande wa kuume wa moyo kwenda wa kushoto kwa njia ya mapafu, aliandika kwamba sharia na huruma iliyomo katika tabia yake vilimzuia kufungua maiti. Namtaja kwa taadhima, wala siamini kwamba huruma yake ilikuwa adui wa elimu, kwa kuwa huruma ileile ndiyo inayotakiwa kwa mwenye kisu. Katika vyuo vingi wanafunzi hawaigusi maiti kabla ya kusimama kimya mbele yake, na mwisho wa masomo mabaki huzikwa au huchomwa kwa ibada, na waliotoa miili yao kwa hiari hukumbukwa kwa heshima. Asiyeweza kumheshimu aliyelala mezani hawezi kumheshimu mshipa wake, ataukata kwa pupa, na ushahidi wake utapotea milele.

Tazama kazi yenyewe inavyofanywa. Paa la tundu la jicho ni mfupa mwembamba, mahali pengine mwembamba hata mwanga hupenya, nao huondolewa kwa patasi ndogo, kipande baada ya kipande. Chini ya mfupa kuna utando, na chini ya utando kuna mafuta ya manjano yaliyojaza kila nafasi iliyoachwa na misuli, na mishipa yote imelala ndani ya mafuta hayo, isionekane. Hapo kisu huwekwa kando. Mafuta huondolewa kwa ncha ya kibano, chembe kwa chembe, na anayeyaondoa huinama mpaka shingo ikamwuma, kwa kuwa baina ya mafuta na mshipa wa nusu milimita hakuna rangi ya kukipambanua kimoja na kingine ila kwa namna kila kimoja kinavyoukataa mkono: mafuta hukubali kung'oka, mshipa huvuta. Mwanafunzi mwenye haraka huwa amekwisha kukata kitu kabla hajajua alichokikata. Mwalimu aliyezoea husikia tofauti hiyo vidoleni kabla macho hayajaiona, akasimama, akaitazama, akaendelea kwa upande mwingine. Jicho moja laweza kula siku nzima, na siku nyingine ikafuata.

Mfano ulio bora wa subira hiyo ulitokea katika mji wa Patiala, jimbo la Punjab, nchini India. Huko, katika chuo cha utabibu cha serikali, Sohan Singh Hayreh, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa maradhi ya macho, aliazimia pamoja na mwenzake Ramji Dass kuufuata mshipa wa jicho katika maiti nyingi, tangu unapochipuka mpaka matawi yake ya mwisho. Waliingiza mpira wa majimaji katika mishipa, wakaungoja ugande, na mishipa ambayo katika maiti hulala tupu na bapa ikajaa tena na kusimama. Makala zao juu ya mshipa wa jicho zilipochapwa mwaka 1962 katika jarida la waganga wa macho wa Uingereza, wasomaji walipewa kitu ambacho hakipatikani kwa kukisia. Mshipa wa jicho huingia ukiwa chini ya neva ya kuonea, nao hauna budi kuivuka neva hiyo ili ufike upande wa pua. Katika macho 83 hivi kwa kila 100 walikuta kwamba mshipa huvuka juu ya neva, na katika 17 yaliyosalia hupita chini yake.

Mtu asiyeujua ufundi huu atauliza, juu au chini, kuna nini? Kuna mengi. Waliona kwamba njia ya kuvukia hufuatana na utaratibu wa matawi: mshipa uvukao juu aghalabu hutoa kwanza ule mshipa wa katikati ya retina, uulishao utando wa jicho unaopokea picha, ambao huingia ndani ya neva yenyewe takriban milimita 10 nyuma ya jicho na kuchomoza ndani ya jicho pale neva iingiapo, lakini ule upitao chini hutoa kwanza mshipa wa siliari, yaani wa ile iingiayo ukutani mwa jicho kwa nyuma, wa upande wa nje, na wa retina hufuata baadaye. Khitilafu moja ilikuwa imebeba khitilafu nyingine mgongoni mwake. Jambo hilo lisingalionekana kama wapasuaji wangaliandika "juu" kwa mazoea kila walipoona mshipa karibu na neva, au kama wangalilitupa jicho lisilofanana na picha ya kitabu kwa kudhani kuwa limeharibika. Hapa ndipo ninapouona utukufu wa kazi hii. Mkono umefunzwa kufuata, na kila aliyefunzwa kufuata njia aijuaye hushawishika kuiona hata mahali isipokuwapo; ustadi wa mwanaanatomia ni kuijua njia ya kawaida kwa hakika, hata akiikosa ajue mara moja kwamba ameikosa, kisha aandike ilivyo.

Historia imejaa watu walioshindwa katika jambo hili, na baadhi yao walikuwa wakubwa. Galen alifundisha kwamba chini ya ubongo mna wavu wa mishipa myembamba, wavu wa ajabu, ambamo pumzi ya uhai husafishwa na kuwa pumzi ya akili. Wavu huo upo kweli, ila upo kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na mtu yeyote afunguaye kichwa cha mbuzi aliyechinjwa kwa uangalifu anaweza kuuona. Kwa mwanadamu haupo. Hata hivyo kwa muda wa takriban miaka 1300 matabibu wa mashariki na magharibi waliurithishana, mwalimu kwa mwanafunzi, na waliofungua vichwa vya watu waliuona kwa sababu walikuwa wamekwisha kuusoma. Berengario da Carpi wa Bologna, katika mwaka 1521, alithubutu kuandika kwamba ameutafuta asiuone. Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, alikiri jambo ambalo wachache wangalilikiri: kwamba yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kuweka karibu kichwa cha mwanakondoo au cha ng'ombe, ili alipofika mahali pa wavu awaonyeshe wanafunzi katika mnyama kile ambacho maiti ya mtu haikukubali kukitoa. Namheshimu Vesalius kwa ungamo hilo kuliko kwa picha zake zote, nazo ni nzuri kupita kiasi.

Baada yake ukaja wakati wa chuo cha Oxford. Thomas Willis, tabibu na mwalimu wa chuo hicho, alitoa kitabu juu ya anatomia ya ubongo mwaka 1664, akisaidiwa kazini na Richard Lower, na baadhi ya picha zilichorwa na Christopher Wren, yule ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Chini ya ubongo, mahali ambapo Galen aliweka wavu wake, wao walionyesha pete: karotidi mbili za mbele na mishipa miwili ipandayo ndani ya mifupa ya shingo kwa nyuma, zote zimeunganishwa kwa viungo vyembamba hata damu ya mmoja ikaweza kuingia katika njia ya mwingine. Insafu yataka isemwe kwamba wengine walikuwa wameiona pete hiyo kabla yao, na Johann Jakob Wepfer alikuwa ameiandika vizuri mwaka 1658. Willis aliiuliza kazi yake. Alitia maji yenye wino katika karotidi ya upande mmoja, akaona rangi ikitokea upande wa pili. Tena alisimulia habari ya mtu mmoja aliyekufa kwa uvimbe wa tumboni, ambaye alipofunguliwa kichwa karotidi yake ya kuume ilikutwa imeziba kabisa, imekuwa ngumu, hata tone la damu lisingaliweza kupita. Na mtu huyo hakuwa amepata kiharusi, kwa kuwa mshipa wa nyuma wa upande uleule ulikuwa umenenepa mara tatu ya mwenzake. Anayeujua mji wa kale wa Lamu au wa Mombasa ataelewa bila kufafanuliwa: mtaa ukizibwa kwa jengo lililoanguka, watu hupita uchochoroni, na baada ya miaka uchochoro ule hupanuka kwa kupitwa.

Lakini uchochoro sharti uwepo. Hapo ndipo pete ya Willis inapoacha kuwa picha nzuri ya kitabuni na kuwa swali la kila kichwa peke yake. Mwaka 1959 Bernard Alpers na wenzake wa Philadelphia walitangaza matokeo ya kuchungua bongo 350 zilizokuwa salama, wakakuta kwamba pete iliyo kamili, kama ichorwavyo, ilikuwa katika 52 kwa kila 100. Miaka minne baadaye, katika mji uleule, Helena Riggs na Charles Rupp walichungua bongo 994, na pete kamili waliikuta katika moja kwa kila tano hivi. Msomaji asidhani kwamba mmoja wao alisema uongo. Hawakuchungua watu wa hali moja, na zaidi ya hayo kiungo chembamba kama uzi, ambacho mmoja atakihesabu kuwa mshipa, mwingine atakihesabu kuwa si kitu. Na anayeamua ni mkono na jicho la mchunguzi, kwa kipimo alichojiwekea na kulazimika kukitangaza. Kwa wote wawili hali ni kwamba ile sura tuiitayo ya kawaida, inayochorwa na kila mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani, ni ya nusu ya watu ikiwa ni ya wengi sana. Wengine hupata damu ya nyuma ya ubongo, mahali ambapo picha za macho hutambuliwa, kutoka karotidi ya mbele, kama ilivyokuwa walipokuwa tumboni mwa mama zao. Wengine hawana kiungo cha mbele. Na kwa nadra hupatikana mtu ambaye mshipa mmoja tu huhudumia nyuso za ndani za pande zote mbili za ubongo, kama ulivyo kwa baadhi ya nyani.

Kwa ajili hiyo namkumbuka Adachi Buntaro wa Kyoto, ambaye mwaka 1928 alitoa kitabu cha majalada mawili juu ya mishipa ya damu ya Wajapani. Kwa nini Wajapani? Kwa sababu hesabu zilizokuwapo zilitoka katika meza za Ulaya, na Adachi hakuona hoja ya kumlazimisha mwananchi wake afe kwa mshipa wa Mjerumani. Aliandika kwa Kijerumani ili asomwe na wale waliodhani kuwa wao ndio kipimo. Jambo hilo linatuhusu. Wanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi nao wamechapisha hesabu za mishipa ya Wakenya, mmoja baada ya mwingine, kazi isiyotangazwa kwa tarumbeta. Na kila hesabu ya namna hiyo ni mali ya mgonjwa atakayelazwa katika hospitali zetu, ambaye mpasuaji wake hana budi kujua atarajie nini.

Wakati mwingine khitilafu hukaa kimya maisha yote, na siku ya msiba ndipo inapojitambulisha. Gérard Percheron, Mfaransa, alieleza mwaka 1973 jinsi sehemu za katikati za talamasi, yale mafungu mawili ya kijivu yaliyo kitovuni mwa ubongo, zinavyolishwa: aghalabu kila upande kwa vijishipa vyake, lakini kwa watu wachache shina moja dogo, litokalo upande mmoja, hugawanyika na kulisha pande zote mbili. Mwenye shina hilo haoni tofauti yoyote mpaka donge dogo la damu likaliziba. Hapo pande zote mbili hufa njaa kwa saa moja, na mtu aliyekuwa akizungumza na wageni wake huzama katika usingizi mzito usioamshika, bila kupooza mkono wala mguu, na picha ya kwanza ya kichwa mara nyingi haionyeshi kitu. Jamaa hudhani amerogwa au amelewa dawa. Daktari aliyesoma kazi ya Percheron huinua kope za mgonjwa, huona macho yameacha kwenda pamoja, na hujua pa kutafuta.

Kinyume chake iko khitilafu ambayo ni rehema. Nimesema kwamba retina hulishwa na mshipa wake wa katikati. Nao ni mshipa usio na mwenzi, ambao ukiziba hakuna uchochoro. Mtu huamka, au yu mezani anakula, na jicho moja likazimika bila maumivu. Daktari akitazama kwa kioo cha Helmholtz, chombo kilichovumbuliwa mwaka 1850 ambacho kwacho mwanadamu aliona kwa mara ya kwanza mishipa ya damu ndani ya jicho la aliye hai, huiona retina imepauka na kuwa nyeupe, na katikati yake doa jekundu. Muda ni mfupi. Hayreh, ambaye toka Patiala alikwenda London na hatimaye Iowa, Marekani, aliujaribu muda huo kwa nyani wazee, akaona kwamba retina huvumilia kukosa damu kwa dakika 97 hivi bila dhara la kudumu, na ifikapo dakika 240 haibaki cha kuokolewa. Wangapi hufika hospitali ya macho katika dakika 97?

Lakini katika baadhi ya macho, kwenye ukingo wa ile duara ya manjano ambapo neva huingia, upande unaoelekea kwenye kitovu cha kuona, huchomoza kijishipa kidogo kilichopindika kama kulabu. Hakitoki katika mshipa wa retina. Kimetoka katika mishipa ya siliari, iliyo nyuma ya jicho, na kwa hiyo msiba wa mshipa wa katikati haukifikii. Jicho lenye kijishipa hicho likipatwa na ajali niliyoieleza, daktari huona retina yote nyeupe isipokuwa ulimi mmoja mwekundu, ulio hai, kutoka neva hadi kitovu cha kuona. Na mgonjwa, ambaye amepoteza uwanda wote wa pembezoni, huenda akaendelea kusoma herufi ndogo na kuziona nyuso za watu wake. Kwa miaka mingi kijishipa hicho kilihesabiwa kuwa kitu cha nadra. Ndipo mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa wakisoma utabibu huko Indianapolis, wakaonyesha jinsi ya kuingiza rangi ya fluoresini katika mshipa wa mkono na kuipiga picha ipitapo katika retina. Alvis ndiye aliyechomwa sindano ya kwanza. Kwa njia hiyo retina za walio hai zikafunguliwa bila kisu, na hesabu iliyotolewa mwaka 1976 ikaonyesha kwamba kijishipa hicho kipo katika jicho moja kwa kila matatu, na kwamba karibu nusu ya watu wanacho katika jicho moja angalau. Msomaji wangu, huenda unacho, wala hukijui.

Sababu ya khitilafu hizi zote haikupatikana kwa watu wazima. Aliyeifuata mpaka chanzoni alikuwa mwanamke ambaye hakuwa daktari. Dorcas Hager Padget alifunzwa uchoraji wa utabibu huko Baltimore na Max Brödel, akawa akimchorea Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo, na katika kuchora mishipa ambayo haikufanana kichwa kwa kichwa alitaka kujua kwa nini haifanani. Akaitafuta sababu katika mkusanyo wa viinitete wa Taasisi ya Carnegie. Viinitete hivyo, vyenye urefu wa milimita chache, vilikuwa vimekatwa vipande vyembamba mno na kubandikwa juu ya vioo, na kazi ya Padget ilikuwa kuijenga upya mishipa ya kila kimoja kutoka katika vipande hivyo, kioo kwa kioo, kwa penseli. Alifanya hivyo kwa viinitete 22 na kuchapisha mwaka 1948. Chapisho hilo lilionyesha kwamba mishipa ya kichwa haijengwi mara moja: hujengwa, huvunjwa, huunganishwa na kutenganishwa, na mshipa uliokuwa mkubwa juma hili huweza kuwa hauko mwezi ujao. Tuiitayo ajabu kwa mtu mzima aghalabu ni kitu ambacho sote tulikuwa nacho tukakiacha, na mwenye ajabu hakukiacha.

Habari ya mshipa wa jicho ndiyo iliyo ya kupendeza kuliko zote. Katika kiinitete hutokea mshipa mmoja unaopita katikati ya kijifupa cha sikio kinachoitwa kikuku, kilicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili, au tuseme kijifupa hicho huumbika kuuzunguka mshipa huo, na ndiyo maana kina tundu. Tawi lake la juu huenda katika tundu la jicho na kukutana na mshipa wa jicho utokao karotidi. Baadaye shina lipitalo katika kikuku hunyauka, matawi yake hurithiwa na mishipa ya nje ya kichwa, ule wa utando wa ubongo ukiwa mmojawapo, na kile kiungo cha ndani ya tundu la jicho hupungua mpaka kikawa si kitu. Kwa walio wengi huwa hivyo. Kwa wachache kiungo hicho hakipungui, bali shina litokalo karotidi ndilo linyaukalo. Na mtu huyo huzaliwa, hukua, huoa au huolewa, huona vizuri kama wengine, ilhali jicho lake, au sehemu yake, hulishwa na mshipa wa utando wa ubongo, ulioingia kwa ufa wa nyuma ya tundu la jicho. Hayreh na Dass walikutana na watu wa namna hii katika meza yao ya Patiala. Waliufuata mshipa kama walivyofanya mara nyingi, nao ukawapeleka kwingine, nao wakaufuata ulikokwenda.

Wala si habari ya kumstaajabisha msomaji tu. Siku hizi wazee wengi walioanguka na kujigonga, ambao damu imejikusanya polepole chini ya utando wa nje wa ubongo, hutibiwa kwa kuuziba mshipa huohuo wa utando. Daktari huingiza mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono au kwenye nyonga, huupandisha kifuani na shingoni, huufikisha katika mshipa wa utando, na kupitia hapo huachilia chembe ndogo au gundi ya kuuziba. Mzee ambaye jicho lake hulishwa na mshipa huo, chembe zikiachiliwa, huenda akatoka chumbani kipofu wa jicho moja. Kwa hiyo kabla ya kuachilia chochote daktari hutia kwanza dawa ionekanayo katika picha, akaitazama ikienea. Huangalia nyuma ya jicho, kama patatokea kivuli chembamba chenye umbo la hilali, kuonyesha kwamba damu inaingia katika utando wa kati wa jicho. Akikiona, hafungui kichupa cha chembe wala cha gundi. Husogeza mrija mbele mpaka aupite mlango wa tawi la jicho, na ikiwa haiwezekani huutoa, na mgonjwa hupasuliwa kwa njia ya zamani, kwa tundu dogo katika mfupa.